Mwanaidi Hakumsubiri Mgeni Rasmi

Hadi sasa nikiangalia saa nategemea simu yake. "Uko wapi wewe? Na usiniambie uko njiani."

Mwanaidi, mwenyekiti wetu wa mtaa hapa Mbagala na rafiki yangu tangu darasa la kwanza, tumemzika jana. Alilalamika kichwa, presha ikapanda, hospitali hakufika. Akili yangu imegoma kabisa kulikubali hili.

Nina hasira pia. Mnisamehe mapema.

Wengi mnamkumbuka kwa ule mkutano wa maji. Mgeni rasmi alisema saa tatu asubuhi. Saa tatu ikafika, mgeni hakuna. Mbele kuna viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, vitupu, na Bi Tatu jirani yetu, na goti lake lile bovu, kakaa kwenye mchanga.

Mwanaidi akavivua vitambaa, akamkalisha Bi Tatu na wazee wenzake, akafungua mkutano.

Mgeni alipofika tulikuwa tunakunja turubai. Mwanaidi akampokea kwa adabu zote. "Shikamoo, mheshimiwa. Sie tumeshamaliza. Wananchi wanasema bomba la kule bondeni halitoi maji. Twende nikakuonyeshe, ni hapo tu." Wakashuka kwa miguu, viatu vya yule bwana vikizama kwenye tope. Maji yalikuja, sitasema uongo.

Baadaye aliitwa ofisini akafokewa. Akarudi anacheka. "Wananiambia sina itifaki. Nikawaambia, na Bi Tatu ana goti."

Kuna siku kazini kwetu mjini, lanchi taimu, tulibishana rais mzuri ni wa namna gani. Mmoja anataka mkali, mwingine anataka msomi, bosi wetu anataka mcha Mungu. Jioni nikampelekea ishu hiyo Mwanaidi. Alikuwa anakuna nazi, hata hakuinua kichwa.

"Mie nataka anayefika saa aliyosema."

Nikamwambia hiyo ni ndogo mno kwa nchi nzima.

"Ndogo? Mtu anakuweka juani nusu siku na haoni aibu, shoga, ujue hakuoni. Sasa asiyekuona atakufanyia nini?"

Nilimcheka. Nikamwambia siasa haimfai, arudi kwenye biashara yake ya vitenge.

Sasa sikilizeni ya jana.

Tulikubaliana jeneza litoke nyumbani adhuhuri. Watu wamejaa hadi barabarani, shehe yuko tayari. Akaja kijana mmoja na simu sikioni, akasema kuna mheshimiwa anataka kutoa salamu zake, tuvumilie, yuko njiani. Ameshafika Mtoni.

Viti vikawekwa mbele. Vikavalishwa vitambaa vyeupe. Bi Tatu kakaa mchangani tena.

Tukasubiri. Mwanaidi ndani, kashaoshwa, kashavishwa sanda, anamsubiri mgeni rasmi. Yule kijana akirudi kila mara na neno lile lile, yuko njiani. Wanawake tulianza kunong'ona, ila hakuna aliyesimama. Hata mie sikusimama. Tumezoeshwa kusubiri hivyo hadi tunaona ndiyo heshima.

Aliyesimama ni Bakari, mumewe, fundi cherehani ambaye kwenye mikutano yote ya mkewe alikaa nyuma na hakuwahi kusema neno. Akaenda mbele, akavua kitambaa kwenye kiti kimoja. Akamfuata Bi Tatu kwenye mchanga, akamshika mkono, akamkalisha.

Yule kijana akamwambia, "Mzee, hivyo viti ni vya wageni."

Bakari akamjibu taratibu, "Mwenyekiti hajawahi kusubiri mgeni." Halafu akawageukia wanaume. "Nyanyueni. Twendeni."

Wakanyanyua.

Msafara wa magari ulikutana na jeneza pale njia inapobana, sisi wanawake tukitazama kutoka barazani. Magari yakarudi nyuma hadi barabara kubwa kumpisha Mwanaidi. Nililia nikicheka, niseme nini.

Mheshimiwa hakwenda makaburini. Alikuja nyumbani, akashika maiki, akatuambia sisi wanawake tuliobaki kuwa tumempoteza kiongozi wa kuigwa. Kuigwa na nani, baba? Wewe umechelewa hata maziko yake. Sikuyasema haya pale kwa sababu ni msibani. Nayasema hapa.

Nchi hii ina watu wenye digrii, wenye sauti, wenye misafara. Mie sasa namtaka mmoja tu wa kumwonea Bi Tatu aibu.

Shoga yangu, Mungu akupokee vizuri. Ulale, hakuna tena wa kukuweka ukimsubiri. Jumapili tuna mkutano wa mtaa na wameshasema mgeni rasmi atakuwepo. Mie nitafika kabla ya wote, na vile vitambaa nitavivua kwa mkono wangu.