Kipimo cha Maharage

Kwetu neno virusi lina maana moja tu. Mtaalamu anaweza kusimama mbele ya watu mchana kutwa akaeleza virusi vya mafua na virusi vya homa ya ini, nao wataitikia kwa vichwa. Lakini ukimsikia mtu wa Nyakitonto akisema fulani ana virusi, ujue hazungumzii mafua. Mimi nimezaliwa huko, wilayani Kasulu, na hilo nilikuwa nalijua kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo sina pa kujificha katika haya ninayoyaandika.

Nilikuwa mtaalamu wa maabara Kibondo, kwenye kituo ambacho sioni haja ya kukitaja. Tukaletewa mradi wa kujaribu kipimo kipya cha maambukizi ya njia ya mkojo, kijiti cha karatasi chenye upana wa kidole. Kabla ya hapo, ukitaka kumjua bakteria anayemsumbua mgonjwa, mkojo ulipelekwa mkoani ukaoteshwe, na majibu yakirudi mgonjwa ameshabadilishiwa dawa mara mbili kwa kubahatisha. Kijiti kilitoa jibu kabla chai haijapoa.

Nilikipenda kile kijiti, nakiri. Kuna virusi visivyo na habari kabisa na binadamu. Vyenyewe vinawinda bakteria, na kila aina inamjua bakteria wake, ina vijiguu vya kumng'ang'ania. Wataalamu walichukua protini ya vile vijiguu tu, wakaitengeneza peke yake pasipo kirusi chenyewe, wakaipaka kwenye karatasi. Bakteria akiwemo kwenye mkojo ananaswa palepale, na mstari wa pili mwekundu unatokea. Siku niliyoelezwa hayo nilicheka kwa furaha mbele ya wageni mpaka nikaona aibu.

Mkuu wa mradi, daktari kijana mwenye haraka, alitukusanya sisi wa maabara na wauguzi akatupa neno la mwisho. "Fomu ya ridhaa imeandika kila kitu," alisema. "Lakini mkieleza kwa Kiha semeni protini, basi. Mkitaja virusi hapa hakuna atakayekojoa kwenye kikopo." Tulicheka wote. Na mimi nikaongeza utundu wangu. Kila mama aliyehudhuria kliniki anajua protini ni maharage, amefundishwa kwa picha ya ukutani. Nikawa nawaambia wagonjwa ni protini tu, kama ile ya maharage. Haukupita muda watu wakawa wanakuja dirishani wakiomba kipimo cha maharage, nami nikajiona mjanja kweli.

Nilikuwa na rafiki pale, muuguzi wa wodi ya wanawake. Tulipanga nyumba moja, tulikula chungu kimoja, na kanga zake nilizivaa bila kuomba. Mumewe alikaa Nyakitonto, kitongoji cha pili kutoka kwetu, na kila akipata likizo fupi alikwenda huko kwa mama mkwe wake. Kwenye mafunzo ya kile kijiti alikaa kiti cha pembeni yangu. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye alijifanya hakuelewa.

Shangazi yangu, masenge kwa Kiha, ndiye aliyenilea huko Nyakitonto baada ya wazazi wangu kufariki. Mjane, mkulima, kiongozi wa akina mama kanisani, mtu ambaye neno lake lilitosha kuamua ugomvi wa mipaka ya shamba. Alikuja Kibondo akiwa na homa, ubavu ukimuuma, mkojo ukimchoma. Nilimkalisha kwenye benchi la maabara nikamwambia, "Masenge, hiki kipimo ni protini tu, kama ya maharage." Nikafungua fomu nimsomee. Akaisukuma kwa kiganja.

"Ukisema wewe, mwana wanje, basi."

Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akaliweka nilipomwonyesha. Mistari miwili ikatokea, myekundu, mizito. Akaandikiwa sindano za siku saba. Siku ya tatu homa ilikuwa imeshuka, akataka kurudi kwake akavune, nami nikampa barua amalizie sindano zahanati ya kule. Nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa na amani.

Siku mbili baadaye nesi wa zahanati ile akanipigia simu kuniambia shangazi yangu hajafika hata mara moja. Nilimpigia mwenyewe, hakupokea. Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la kwanza.

Nilimkuta ndani, mchana kweupe, amejifunika shuka mbili. Kanisani walikuwa wamemtuma mtu kumwambia apumzike uongozi. Jirani aliyemletea uji alisubiri anywe, kisha akakiacha kikombe palepale, akasema ni zawadi. Habari ilikuwa imefika kabla yake: yule mama amepimwa kipimo cha virusi huko Kibondo, mistari miwili. Na mistari miwili myekundu kila mwanamke wa kwetu ameiona kliniki, anajua inasema nini. Iliyoileta habari ilikuwa sauti ya rafiki yangu, jikoni kwa mama mkwe wake, alikokwenda kwa likizo fupi shangazi akiwa bado Kibondo.

Nikaanza kumweleza shangazi kwa haraka: ule ni uongo, yeye ana bakteria tu, sindano zinatibu, arudi zahanati leo hii.

"Kama ni virusi, sindano za siku saba ni za nini?" alisema. "Tungekuwa tunaona watu wanapona."

"Si virusi, Masenge! Amekuzushia."

Akaniangalia. "Kwa hiyo kwenye kile kipimo hamna virusi?"

Ningeweza kusema hamna, na ingekuwa karibu na kweli. Kirusi chenyewe hakimo. Lakini nilikuwa nimezoea kumdanganya mtu asiyeniangalia usoni, na yeye alikuwa ananiangalia. Nikasema protini yenyewe asili yake ni virusi, ila si vile, ni vingine, vya bakteria. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mtu aliyekamatwa ameshika kuku wa jirani.

"Yule si mwanangu," shangazi alisema. "Mdomo ni wake, aseme atakavyo. Wewe uliniambia maharage."

Hakupandisha sauti. Aligeukia ukutani, na sindano hakwenda, si siku ile wala iliyofuata.

Nilirudi Kibondo nikiwa nawaka. Rafiki yangu alikuwa uani anachekecha unga wa muhogo, akanikaribisha kama kawaida. Nikamwambia, "Umeniuza."

"Mimi nimesema nini ambacho hakimo kwenye fomu?" alijibu, ungo mkononi. "Imeandikwa virusi. Umeiona, nimeiona. Wewe ndiye uliyewaambia watu maharage, dada."

"Ulijua ni virusi gani! Ulikaa pembeni yangu!"

"Mama aliniuliza wamempima nini, nikamjibu. Nisimjibu mama mkwe wangu?"

Jumapili iliyofuata mama mkwe huyo akakalia kiti cha shangazi kanisani. Wengine waliniambia ilitokea tu, nisiunganishe mambo. Mimi nimeunganisha. Nilihama nyumba ile wiki hiyohiyo, na nilimrudishia kanga yake bila kuifua. Sijamsamehe mpaka leo na sina mpango. Miaka yote ile alinijua nilivyo, alijua shangazi ni nani kwangu, na alichukua jibu la maabara la mgonjwa wa kituo chake akaenda kulichezea jikoni. Mkuu wa mradi nilipomweleza aliandika ripoti, akasema ni changamoto ya lugha. Lugha! Kana kwamba maneno yalitoka yenyewe mdomoni mwa watu. Nilimpigia kelele siku ile, nikasahau kuwa utundu wa maharage haukuwa wake.

Wiki ya pili majirani walimbeba shangazi kwa pikipiki hadi Kasulu, homa imempanda, anaongea peke yake. Hawakuniambia, nilisikia kwa nesi yuleyule wa zahanati. Nilipofika wodini alikuwa amepata fahamu, dripu mkononi, midomo imepasuka. Nilimwamkia. Akaitikia, kwa adabu ileile anayompa mgeni.

Mradi ulikuwa unaendeshwa Kasulu pia. Mtaalamu wa maabara wa pale, kijana mpole mwenye miwani, akaja na kikopo na fomu ileile. Akamweleza kwamba kwa kuwa hasomi, wanahitaji mtu anayejua kusoma amsomee na kushuhudia. "Kuna ndugu hapa?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kitandani. Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Oya," shangazi alisema, akinikatalia kwa Kiha. Akaelekeza kidevu kitanda cha pili, alikokaa mama mmoja wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, anauguza binti yake. Walikuwa wamefahamiana tangu jana yake.

Yule mama akaniangalia, akamwangalia shangazi. "Miye niko najua kusoma, mama. Nilifikaka mpaka sekondere."

Akasoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye neno virusi alisita, akaonekana kutaka kuliruka. Shangazi akamwambia asome kama lilivyo. Akasoma. Kisha shangazi akamgeukia kijana wa miwani akaanza kumuuliza. Ni vile vinavyoua watu? Vinakula nini? Viko hai humo kwenye karatasi? Vikimwagikia mkono je? Kijana alijibu kila swali, bila haraka: hapana mama, vinashambulia bakteria tu, na humo mna kipande tu cha mguu wa kirusi, tena kimetengenezwa na watu. Nilihesabu maswali yakafika saba. Mimi, siku ile ya benchi la maabara, hakuniuliza hata moja.

"Sasa hapo kuna cha kuogopa?" alimwambia kijana. "Pima."

Akaweka dole gumba. Mama wa Kikongo akachukua kalamu, akaandika jina lake pa shahidi, kisha kalamu ikasimama kwenye mstari wa chini yake.

"Hapa wanauliza miye ni nani kwako. Niweke nini?"

Shangazi hakunitazama.

"Weka ndugu," alisema, na yule mama akaandika.