Mlango wa Nyuma

Watu wakiona vyumba vyangu vya kupangisha karibu na soko la Tukuyu hudhani nilizaliwa na moyo wa biashara. Nilianza kwa hofu, na hofu yenyewe haijanitoka hadi leo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Shirika nililokuwa nikilitunzia stoo lilipunguza watu, nami nikapunguzwa. Kiinua mgongo kikanijengea kuta za vyumba vinne, viwili vikitazamana na viwili, katikati ua mwembamba, na choo kimoja mwisho wa ua. Saruji ilikuwa imenishinda, kwa hiyo tofali ziliungwa kwa udongo. Kwa ajili ya mabati nilikwenda kumpigia mama magoti kule Kisondela, akakubali tuuze nusu ya migomba aliyoachiwa na baba. Hakusema maneno mengi. Alisema tu, "Hiyo nusu iliyobaki usiiguse. Ndipo mtakaponizika."

Tangu siku hiyo, kila mvua ilipoanza kupiga bati, na Tukuyu mvua haina likizo, nililala macho wazi nikihesabu migomba ya mama.

Jamaa mmoja mwenye nyumba kule Mbeya alikuwa amenipa somo. "Mpangaji usimwulize ukoo. Mkianza kuulizana ninyi ni wa nani, utakuta ni shemeji wa binamu yako, na shemeji halipi. Uliza kodi, basi." Nikalishika kama amri ya kanisani. Kwetu humpi mtu hata kigoda kabla hujajua ni mtoto wa nani, lakini mimi nilijiona nimeshaerevuka.

Chumba cha kwanza tulikaa mimi na mke wangu. Cha pili akachukua binti mshona nguo, mjamzito wa miezi ya mwisho, mumewe dereva wa malori ya Tunduma. Cha tatu kilikuwa hakijapata sakafu. Cha nne, kinachotazamana na cha yule binti, kilikaa kitupu hadi Jumapili moja alipokuja mzee kutoka Kinyala, na fimbo yake na kikohozi kinachotoka mbali. Alikuwa ameandikiwa sindano hospitali, kila siku saa nne, wiki nyingi. Alisema ana mtoto wa kiume hapa mjini, ila kwake hawezi kufikia. Nikalikumbuka somo langu, sikuuliza kwa nini. Mkeka wake nilimbebea mwenyewe.

Jumatatu mzee alipokwenda sindano, yule binti akaja mlangoni kwangu, kanga kichwani.

"Baba mwenye nyumba, yule uliyemweka chumba cha nne. Mimi siwezi kukaa."

"Amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Unamjua?"

"Nimemjua kwa kikohozi."

"Ni nani?"

"Siwezi kumtaja."

Pale pale fimbo ikasikika langoni, na binti akakimbilia ndani, komeo likalia. Mzee akasimama katikati ya ua akiutazama mlango ule, kisha naye akaingia kwake. Hakunisalimu.

Mke wangu alikuwa Kisondela kwa mama, sikuwa na wa kumwuliza. Mtu asiyetajwa ni mtu gani? Akili yangu ikakimbilia kule zinakokimbilia akili za waoga: nimempangisha mchawi. Nikaona wapangaji wakikimbia, nyumba ikipewa jina baya sokoni, na mnunuzi wa migomba akirudi kuulizia ile nusu ya pili.

Jumanne ilifika saa tatu na nusu milango yote miwili ikiwa imefungwa. Hakuna moshi, hakuna ndoo, hakuna aliyekwenda chooni. Cherehani ilikuwa kimya, na hata kikohozi sikukisikia. Nilisimama uani mvua ikininyeshea, nikawaza kwamba nina maiti mbili, na kwamba sijamaliza hata kuweka sakafu. Aibu yangu ni kwamba niliiwaza sakafu.

Nikagonga cha nne kwa ncha ya kidole, nikamwita kama kwetu tunavyowaita baba zetu. "Tata? Tata, upo?"

Sauti ikatoka chini kabisa, karibu na kizingiti. "Ametoka?"

"Nani?"

"Mkamwana wangu."

Kwetu mkwe na mkamwana hawaruhusiwi kuonana. Mama yangu mzazi hakuwahi kulitaja jina la baba mkwe wake, na akisikia sauti yake njiani alikuwa akiingia migombani mpaka apite. Haya nimeyaona tangu nikiwa mgongoni. Mzee alikuwa amekwepa kwa mwanawe, asijue ni hapa hapa, ili asikutane na mkamwana, akaja kulipa kodi kwa mgeni, na mgeni huyo akamweka hatua tatu kutoka mlango wa mkamwana huyo huyo.

"Namngoja atoke yeye, asinione," akasema. "Kisha nirudi zangu Kinyala. Mkeka nimeshaukunja."

"Na sindano?"

Akakohoa, akakizuia kwa mkono kikohozi kile, na mimi nikajua akirudi Kinyala tutakwenda kumzika. Ng'ambo ya ua nilimsikia binti akiburuta cherehani, anafunga mizigo, na tumbo lile.

"Tata, subiri," nikasema. Nikachukua mtaimbo, nikazunguka nyuma ya chumba cha pili kumtobolea binti mlango wake.

"Mama, sogea mbali na ukuta," nikamwita binti. "Simama kwenye kona."

Nilichagua katikati, mbali na boriti, lakini udongo ulikuwa umelowa na kila pigo ukuta mzima ulitikisika mpaka juu kwenye mabati. Nilipiga nikilia. Sioni haya kulisema. Nilikuwa naibomoa migomba ya mama kwa mkono wangu, na ndani kulikuwa na mjamzito ambaye ningeweza kumwua. Ghafla kozi saba za tofali zikaanguka kwa kishindo, na vumbi likafunika kila kitu. Sikusikia sauti ya binti.

Kutoka mbele, nyuma ya mlango wake uliofungwa, mzee akaita, "Amepona?"

Mkono ukatokea kwenye tundu, kisha kanga, kisha tumbo. Akatoka kiupande, vumbi hadi kwenye kope, akasimama kwenye majani ya maboga.

"Mwambie nimepona," akaniambia, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni.

Nikazunguka mbele, nikamwambia mzee kwamba amepona, ingawa alikuwa amesikia mwenyewe.

"Ndaga fijo," akashukuru kwa kikwetu. Mlango ukafunguka, fimbo ikatangulia. Ilikuwa inakaribia saa nne. Mkeka akauacha ndani, akapita uani bila kugeuza shingo, akashika njia ya hospitali.