Kuueleza Umeme wa Nyuklia Gotu na Oldonyiro

Kilichoninyima usingizi mwanzoni mwa kazi yangu ni swali moja: je, niwasifie wafugaji umeme wa nyuklia huku nikiruka habari ya taka zake? Ninyi mnaomaliza chuo sasa huenda mkaniona mwoga. Nilikuwa na shahada ya fizikia, nimeajiriwa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, na mradi wa kuelimisha umma kuhusu nishati. Siku ya kuripoti, Mratibu wa mradi alinikabidhi mabango na kipaza sauti.

"Eleza faida tu," akasema. "Habari za taka zitaogopesha watu. Na ukumbuke bado uko kwa majaribio."

"Sawa, bosi," nikajibu. Tangu hapo sikutulia.

Faida zenyewe nilizipenda kwa dhati. Hata leo hunishangaza kwamba kipande cha urani, madini yanayotumika kama kuni za nyuklia, kinachoenea kwenye ncha ya kidole hubeba nguvu ya rundo zima la makaa. Ndani ya kinu cha nyuklia, viini vya atomu hupasuka na kutoa joto, maji huchemka, na mvuke husukuma mapanga yanayozungusha jenereta. Ni birika, ila halitaki kuni wala halitoi moshi. Ukame ukikausha mabwawa na upepo ukitulia, kinu huendelea kuzalisha umeme mchana na usiku.

Hayo ndiyo niliyowaeleza watu wa kijiji cha Gotu, nje ya kanisa. Mama Nakiru, muuza mbuzi, akanikatiza.

"Mwalimu, hiyo birika yako inaacha majivu?"

Nikakohoa. "Iko na... iko na utaratibu wake."

"Utaratibu! Hata bwana yangu akikunywa pesa ya mbuzi anasema iko na utaratibu."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kicheko kilipoisha, Mama Nakiru alinisogelea.

"Usikasirike, binti yangu. Sisi tukituma mtu aende kuangalia malisho, akirudi anaanza na mabaya. Kupe, ugonjwa, maji ya chumvi. Nyasi anasema mwisho. Akianza na nyasi, hakuna mtu anahamisha ng'ombe."

Garini, Mratibu alinipongeza. "Umekwepa vizuri. Oldonyiro siku ya soko, fanya hivyo hivyo."

Nilipima maneno yake na ya Mama Nakiru siku nzima, nikiyageuza huku na kule. Nikisema habari ya taka, huenda nikafukuzwa, na nyumbani mimi ndiye niliyekuwa tegemeo. Nikinyamaza, hata yale ya kweli kuhusu mabwawa na moshi hakuna atakayeyaamini. Niliandaa hotuba mbili, nikazichana zote.

Oldonyiro kulikuwa na vumbi na kelele za mbuzi. Mratibu alisimama kando yangu, akinitabasamia. Nikawasha kipaza sauti.

"Habari zenu. Kinu cha nyuklia huacha taka zenye mionzi. Zitahitaji kulindwa hata baada ya wajukuu wetu kufa. Hapa kwetu zitawekwa wapi, mimi sijui. Kukijenga kinu chenyewe ni ghali, tena huchukua miaka mingi."

Wanaume waliokuwa wakibishania bei ya fahali wakageuka. Mzee mmoja akavuta kigoda chake mbele, akaketi.

"Endelea," akasema.

Mratibu alininyooshea mkono ili nimpe kipaza sauti. Sikumpa. Mabaya yalikwisha kutangulia; sasa ikawa zamu ya nyasi, nikafunua bango lenye mchoro wa birika.