Mama Yangu Ana Jicho

Mama yangu ana jicho. Nalisema mwenyewe mapema, lisije likasemwa na mwingine kwa ubaya. Si mchawi, na husda hana hata chembe. Ni mtu wa swala tano na nyiradi za asubuhi na jioni, na Ramadhani futari anayopika nusu yake inaishia kwa majirani. Lakini akikipenda kitu, akakitazama kwa moyo wote na kukisifu bila kutanguliza Mashaallah, kitu kile kinadhurika. Ndivyo anavyoamini yeye, na ndivyo mtaa wetu wa Chang'ombe ulivyoamini nilipokuwa mdogo.

Ilianza na mpapai wa jirani. Mama alikuwa anapita zake, akasema, "Lo, mpapai huu umezaa!" Wiki haikuisha, mpapai ukalala chini na mapapai yake yote. Baba akasema mizizi ilioza kwa yale maji machafu yaliyokuwa yakipita pale kila siku. Nani amsikilize? Halafu zikaja glasi za shangazi. Zilitoka dukani zinameta, mama akazisifia, na kabla jioni haijafika kabati likaanguka nazo. Baba akasema kabati lenyewe lilisimamishwa kwa kipande cha tofali. Hapo ndipo watu walipocheka, maana walishaamua.

Baba alikuwa mtani sana. Alikuwaga anamwambia, "Mke wangu, nikikukosea nipige, ila usinitazame." Na siku nyingine anajipitisha mbele yake na kanzu mpya, anageuka huku na huku: "Sema basi, nimependeza?" Mama anainamia mchele wake anaochambua. "Umevaa nguo," anamjibu. Baba anacheka mpaka anakaa chini.

Mama hakucheka. Kwa waganga hakwenda, na hirizi hakuiruhusu ndani ya nyumba; kinga ya Muislamu, anasema, iko kwenye ulimi wake. Basi akaufunga huo ulimi. Kitu cha mtu mwingine akakitangulizia Mashaallah tabarakallah ndipo akitazame. Na vile alivyovipenda kuliko vyote, hivyo hata Mashaallah hakuiamini. Aliviponda tu.

Tulikuwa na duka la vyombo vya plastiki, ndoo na mabeseni na vikombe, alilorithi baba kwa baba yake. Umewahi kumwona mwenye duka asiyesifu mali yake? Mteja anauliza, "Shangazi, hili beseni zuri?" Mama anajibu, "La kawaida. Linashika maji." Na watu walinunua! Walisema ndiye mwenye duka pekee Temeke nzima asiyedanganya.

Sie watoto wake tulikuwa wabaya. Asubuhi kabla ya shule alitusimamisha mlangoni, akakusanya viganja, akasoma Kul-huwallahu na zile Kul auudhu mbili, akapuliza, kisha akatupaka kuanzia utosini hadi kifuani. Viganja vyake vilinuka sabuni ya kufulia na iliki. Akimaliza anakuvuta sikio kidogo: "Nenda zako, mbaya we." Nikashika namba moja darasani, nikamletea ripoti mbio. Akaisoma, akaikunja. "Walimu mwaka huu wamechoka kusahihisha," akasema, akaenda jikoni. Siku hiyo alipika pilau, na haikuwa sikukuu. Nililiona lile pilau, nililielewa pia, lakini mtoto anataka kuambiwa bwana! Anataka kuambiwa.

Siku ya harusi yangu wanawake walipiga vigelegele mpaka masikio yakaziba. Nimepambwa, nimejifukiza udi, gauni limeshonwa likashoneka. Kila aliyeingia chumbani alisema Mashaallah, bibi harusi kapendeza. Akaingia mama. Akasimama mlangoni, macho yake sakafuni, kama aliyeangusha hereni. Nikangoja. Akasema, "Gauni limekubana." Kisha akatoka. Mpambaji alinipaka wanja upya, ule wa kwanza ulikuwa umeshateremka mashavuni.

Msinielewe vibaya, sababu niliijua. Ila kujua sababu ya njaa hakumshibishi mtu.

Baba alifariki kwa sukari, baada ya kuugua muda mrefu. Tukiwa bado tumekaa eda na mama, akaniambia kwa sauti ndogo, "Sikumsifu hata siku moja. Kafa kwa maradhi yake tu, mie sikumgusa." Aliyasema kama mtu anayejipa moyo. Nilitamani baba awepo alitanie hilo, lakini ndiyo hayupo tena.

Mie na mume wangu tulihamia Goba, juu kwenye kilima, na tukakaa miaka bila mtoto. Nikazoea maswali, nikazoea na ukimya baada ya maswali. Mungu si Athumani, hatimaye akatupa binti. Mama alihamia kwangu kunilea mimi na mtoto. Na akaanza kazi yake. "Pua hii jamani, kama kitumbua kilichokosa mafuta," anamwambia mtoto huku anamwogesha. Akamchora wanja kwenye paji la uso, doa kubwa la ovyo, ili jicho la mgeni liangukie hapo kwanza. Watu wa Goba wanatoka pande zote za nchi, wengine hawajui mambo haya, wanamwita mtoto kizuri, kitamu. Mama anawasimamia hapo hapo: "Sema Mashaallah." Na wanasema, Wakristo kwa Waislamu, maana uso wa mama siku hizo haukuwa wa mzaha.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, asubuhi moja mama alikuwa anamchezesha kwenye mkeka. "Mbaya huyu! Nani atakuoa wewe?" Mtoto akamkazia macho, halafu akaangua kicheko, kile cha kwanza cha kutoka tumboni, kichwa nyuma. Baba yangu alikuwa anacheka hivyo hivyo. Mama akapiga makofi. "Yarabi! Mzuri huyu mtoto! Mzuri jamani, kamtoa babu yake vile vile!"

Halafu akaufunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mashaallah ilitoka, ila ilichelewa, na ilitokea katikati ya vidole. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amekuja kututembelea na amekaa pale pale kwenye kochi. Alimtazama mtoto, akamtazama mama.

Siku ya pili yake mtoto akachemka. Ziwa hataki, anahema kwa shida, kifua kinatoa mlio. Tukamkimbiza hospitali, daktari akasema mapafu, akachomwa sindano, tukapewa dawa na kuambiwa tumrudishe kesho kwa sindano nyingine. Kesho yake tukamrudisha. Tukarudi naye nyumbani bado wa moto. Wifi akanivutia chumbani, akafunga mlango.

"Dawa endelea nazo," akasema, "lakini wewe na mie tunajua kilichotokea. Mama anawe, mtoto amwagiwe yale maji. Ni mambo ya dini haya, si ushirikina."

Na kweli ni ya dini. Lakini utamwambiaje mama yako mzazi anawe? Utaanza na neno gani ambalo mwisho wake si kumwambia, wewe ndiye unayeniulia mwanangu? Hasira zikanipanda. "Wifi, ukimtamkia mama neno hilo, mie na wewe basi. Basi kabisa." Naye akanijibu, "Na mtoto je?" Nilikaa kitandani nikalia, kwa ajili ya mwanangu na kwa ajili ya mama yangu, nisijue nimlilie nani zaidi.

Nilipotoka nilimkuta mama mlangoni mwa bafu, amekaa kwenye kigoda, beseni mbele yake. Ameshapandisha mikono na ameshanawa uso, sasa anajimwagia magotini, maji yanarudi kwenye beseni. Hakuinua kichwa.

"Mnanong'ona nini huko ndani? Mie dini yangu naijua," akasema. "Zama za Mtume, mtu mmoja alimwona mwenzake anaoga, akaistaajabia ngozi yake. Yule akaanguka pale pale. Mtume hakumwita mtazamaji mchawi. Alimuuliza, mbona hukumwombea mwenzako baraka? Akamwambia anawe, mgonjwa akamwagiwa yale maji, akainuka. Wale walikuwa maswahaba. Mie nani hata nione haya?"

Akanawa miguu, kidole kwa kidole, akanisogezea beseni. Nikalibeba. Nilikuwa nimeshampa mgongo aliponiita: "We! Yapashe moto kwanza! Umwagie mtoto maji ya baridi, nimonia impige mara mbili, halafu mseme macho yangu."

Tulimmwagia taratibu, wifi akisoma sura za Falaki na Nasi. Sindano tukaendelea nazo. Mtoto akapona. Mume wangu anasema dawa, wifi anasema maji, mie nasema Alhamdulillahi na sitaki kuulizwa zaidi.

Mama ndiye aliyeumwa kwa namna yake. Alipoona mtoto ananyonya tena, alifunga kibegi chake, akarudi Chang'ombe. Nikadhani kachoka, kumbe kakata shauri. Kila baada ya Magharibi alinipigia simu, niiweke utosini mwa mtoto, na yeye kule anasoma sura zake zote na kumaliza kwa kupuliza, ffuu, mpaka spika inakwaruza. Mtoto alizoea, akisikia ule mpulizo anafumba macho. Lakini nikipiga ya video, mama anaielekeza simu darini. Nimeijua ile feni yake kuliko ninavyolijua dari langu. "Mama, mwone basi ameota meno." "Nimesikia. Meno huota."

Tukimtembelea dukani anatupa mgongo. Anapanga ndoo zilizokwisha kupangwa, anazungumza na mjukuu wake akiwa ameukabili ukuta. "Hujambo, mbaya wa bibi? Umekula?" Mwanangu akajifunza kutembea akiufuata mgongo. Nikimwonyesha mama wa watu yeyote aliyegeuka, mwenye mtandio mweusi, anasema, "Bibi." Mgongo tu, sura ya bibi yake haijui! Niliona uchungu, jamani. Nilimsihi, nikamletea na maneno ya ustadhi wa msikitini kwetu kwamba atazame tu aombe baraka, inatosha. Akasema, "Ustadhi anajua. Lakini moyo ukijaa, ulimi haungoji. Uliponyoka mara moja. Nikiupoteza huu mwili mdogo kwa ulimi wangu, nitakaa wapi?"

Siku moja mchana nikachoka. Jua kali, mtoto analia kwa usingizi, na mama anafuta vumbi kwenye beseni lisilo na vumbi. Nikafudikiza ndoo katikati ya duka, nikamkalisha mtoto juu yake, nikasimama nyuma yake nikimshika mabega.

"Mama, geuka."

"Sigeuki."

"Geuka utazame. Mashaallah nitasema mie."

Kitambaa kikasimama mkononi mwake. "Utasema wewe?"

"Nitasema mie, mfululizo. Kazi yako ni kutazama tu."

"Na ukichoka?"

"Mama, mie mwanao. Umewahi kuniona nimechoka kusema?"

Alifikiri sana, akauma mtandio wake. Nikaanza hata kabla hajakubali: Mashaallah tabarakallah, Allahumma barik, Mashaallah tabarakallah. Akageuka pole pole, akainua macho.

Alimtazama mtoto kuanzia nyayo. Vidole, magoti yenye makovu ya kujikwaa, meno, masikio. Aliyashika masikio. "Ya babu yake," akasema, na mie nikaongeza kasi. Mteja akaingia kuulizia ndoo yenye mfuniko, nikamwonyesha kwa kidevu huku ninaendelea, akanishangaa, akajichukulia mwenyewe na kungoja. Mtoto alikuwa amenyamaza. Alimtazama bibi yake usoni kama anayesoma, halafu akampiga kofi la shavu. Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Mzuri," akasema. "Mzuri huyu. Mzuri." Akalirudia, akalirudia, na mie nikafukuzana naye, Mashaallah kwa kila mzuri, koo limekauka.

Halafu akanyanyua macho kutoka kwa mtoto, akanitazama mie.

Sikukumbuka lini aliwahi kunitazama hivyo. Macho yake ni ya kahawia, yana duara jepesi la kijivu kandokando. Yalikaa usoni mwangu na hayakutoka.

"Lile gauni," akasema, "halikukubana."

Ulimi ukanishinda.

"Nilikuwaga nakutazama ukilala, mkono nimejiziba mdomo. Ulikuwa mzuri, mwanangu. Toka siku niliyokuzaa mpaka leo hii, mzuri."

Mteja na ndoo yake, mtoto juu ya ndoo yake, na mie nimesimama mdomo wazi, machozi yananiingia humo humo, sina hata neno moja. Mama akanishika sikio, akalivuta.

"Sema basi Mashaallah!" akafoka, macho yamemtoka kwa hofu. "Sema upesi! Mbaya we, unangoja nini?"