Kilichobaki Pembeni

Mtu anayepoteza macho kuanzia katikati hagongi ukuta, na hilo ndilo lililoniponza. Nilikuwa napita sokoni Nakivubo, mjini Kampala, kati ya mikokoteni na wabeba mizigo bila kumkanyaga mtu. Nilimwona kuku akitoroka kwenye tenga kwa pembe ya jicho. Lakini nikimtazama mtu usoni nilimwona ana masikio mawili na kofia, na katikati ukungu, kama dirisha la jiko wakati sufuria inachemka. Watu wakasema nina maringo, siku hizi sisalimii. Sikubisha. Msomi husamehewa maringo upesi kuliko ugonjwa.

Daktari wa macho alinimulika kwa muda mrefu, kisha akasogeza kiti nyuma. Alisema miwani haitasaidia, kwa kuwa kilichochakaa si kioo cha mbele bali ukuta wa nyuma, pale picha inapotua. Nikamwuliza kama nitapofuka.

"Pembeni patabaki," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenye nyumba kwamba moto umeacha baraza. Halafu akauliza kama natumia kompyuta. Akanishauri nitafute kikuzaji, kimo humo humo ndani ya mashine, hakinunuliwi.

Kazi yangu ilikuwa kusoma. Tulikuwa ofisi ndogo Nakawa, juu ya duka la vipuri vya magari, tukitafsiri vijitabu vya afya kwa ajili ya Wakongomani, Wakenya na wengine wanaofika zahanati bila kujua Kiganda. Mimi nilisoma mara ya mwisho kabla kijitabu hakijaenda kwa mpiga chapa. Baada yangu hakuna aliyesoma tena isipokuwa mgonjwa.

Kuishi kwa Kiswahili mjini Kampala ni kichekesho chenyewe. Nilikulia Makindye, karibu na kambi ya jeshi, na vita vilipokwisha nilikuwa bado wa shule ya msingi. Kwa majirani zetu Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayeuliza unatoka wapi. Baba, Mkenya aliyeletwa na kazi ya reli, alikizungumza kwa sauti ya kawaida ndani ya nyumba, na mama alikuwa akiinuka kufunga dirisha. Kwa hiyo nilijifunza mapema kwamba maneno yanaweza kumtia mtu hofu. Sikujua kwamba siku moja yatanitia mimi, tena yakiwa yameandikwa na watu wa upande wangu.

Kikuzaji nilikipata kwenye mipangilio, katika sehemu ya watu wenye ulemavu. Niliingia humo nikitazama nyuma, kama mzee wa kanisa anayeingia baa. Ukibonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na cha kujumlisha, skrini inakurukia. Maneno matatu yalijaa kioo kizima, meusi na manene, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikaona mkia wa herufi. Nusura nilie. Kisha nikatambua kwamba sijui maneno hayo matatu yako wapi kwenye ukurasa.

Kikuzaji hakikuzi ukurasa ukabaki mbele yako. Kinakupa kitundu, na kitundu kinafuata kipanya. Ukisogeza mkono kulia, dunia inakimbia kushoto. Kila kilicho nje ya kitundu hakipo. Wakati mwingine mashine ililia kengele yake ndogo, na nikajua kwamba mahali fulani, juu au chini, kimefunguka kisanduku kinachosubiri jibu langu. Nilizunguka kukitafuta jasho likinitoka, huku nikijifanya nafikiri. Meza yangu niliigeuza nikakaa na mgongo ukutani, nikawaambia wenzangu kwamba mwanga wa dirisha unaniumiza. Na kila baada ya wiki chache ilinibidi kubonyeza tena kitufe cha kujumlisha. Nilikiogopa kitufe hicho. Maneno matatu yakawa mawili.

Lakini nilikuwa na kinga. Mtu asomaye maneno mawili mawili hulazimika kuishika sentensi kichwani mpaka imalizike, kwa hiyo nikimaliza kijitabu nilikuwa nimekihifadhi chote. Nilijisifu kwamba kichwa changu kimekuwa jicho la tatu. Ukitaka kujua msomi ataangukia wapi, tazama anapojisifia.

Aliyefanya kazi nami ni mama mmoja Mkongomani aliyekimbilia Kampala na wanawe. Yeye alichapa na kusahihisha, kisha faili likaja kwangu. Aliniita Papa, ingawa tulikuwa rika. Meneja wetu, Mkenya, aliniita Daktari, kwa heshima ya shahada niliyoiacha njiani.

Siku yenyewe alikuja muuguzi wa zahanati ya Makindye, Muganda, kupitisha kijitabu cha dawa ya homa ya watoto. Kwa kawaida mama Mkongomani ndiye aliyeendesha projekta nami nikakaa nyuma nikitikisa kichwa. Safari hii meneja alisema, "Daktari, soma wewe. Mgeni wetu asikie Kiswahili cha mtoto wa Makindye."

Kabla ya kuunganisha waya nilikizima kikuzaji. Ukutani pakatokea mistari ya kijivu, safu za siafu. Nikasimama, nikaelekeza uso ukutani, nikaanza kusoma kutoka kichwani. Nilisoma vizuri. Nilipumzika kwenye mikato. Ukurasa wa kwanza ukaisha, nikabonyeza, wa pili ukaja.

"Mtoto wa chini ya mwaka mmoja apewe kijiko kimoja cha chai, asubuhi na jioni."

"Ssebo," muuguzi akasema, akiniita bwana kwa Kiganda, "rudia hapo."

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani hakusikia. Nikasikia kiti kikilia.

"Papa iko natupima," mama Mkongomani akasema, akicheka kidogo. "Anataka kuona kama tunafuata."

"Mimi nafuata," muuguzi akasema. "Mtoto ndiye hafuati. Yeye anakunywa tu."

"Daktari," meneja akauliza taratibu, "kwani hapo ukutani pameandikwa nini?"

Mlango niliokuwa nimefunguliwa ulikuwa bado wazi. Ningeweza kucheka, nikasema ndiyo, nawapima, nikaketi. Lakini kulikuwa na ukurasa unaofuata, na mwingine baada yake, na sikujua tena ni sentensi gani iliyobaki kama nilivyoiacha. Nikashika kitufe cha dirisha, nikabonyeza kujumlisha, nikabonyeza tena, na ukuta mzima ukavimba mbele yao. Nilivuta kipanya huku na huku. Mistari ikapita mbio kama mabati yanayopeperushwa na upepo. Mwishowe nikafika, na maneno yakasimama pale, kila herufi kubwa kama kichwa cha mtoto: NUSU KIJIKO.

Kisha muuguzi akasema, kwa sauti ya kazini, "Tangu lini?"

Nikajibu kwamba tangu mvua za mwaka uliopita.

"Nilibadilisha wiki jana," mama Mkongomani akasema. Hakuwa akicheka tena. "Mama huyu wa zahanati alipiga simu, akasema kimoja ni kingi. Nikakuandikia kando, Papa. Siku zote nakuandikia kando, kwenye kile kisanduku. Hujibu. Nikafikiri unakubali tu."

Kando. Nilikuwa nikishuka na maandishi kutoka juu hadi chini, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akishika ukuta mmoja. Pembeni mwa ukurasa, ambako watu huwekeana maoni, kitundu changu hakikuwahi kufika. Sikujua kama pana kitu. Ndivyo jicho langu nalo lilivyonigeuzia mambo: mwilini nilibakiwa na pembeni tu, na katika kompyuta pembeni ndiko nilikokosa.

"Siku zote?" meneja akauliza.

Muuguzi alikuwa amevua saa yake ya mkononi na kuiweka mezani. "Kile kijitabu cha vidonge vya kusafisha maji tumekwisha kigawa. Kiko ndani ya nyumba za watu. Kifungue."

Nikakifungua, na kikuzaji kikiwa kimewaka. Hapo lilitokea jambo ambalo sikulitarajia. Kitundu changu kilikuwa ukutani, na hakuna mtu mle ndani aliyeweza kuona zaidi ya nilichokiona mimi. Sote tuliingia ukurasa ule maneno mawili mawili, watu wazima wanne wakiinamisha vichwa upande mmoja kila nilipovuta kipanya.

"Polepole," muuguzi akasema. "Nasikia kizunguzungu."

"Nami pia, nnyabo," nikamjibu mama huyo kwa heshima ile ile ya Kiganda, na ilikuwa kweli.

Ukurasa wa kwanza, kando peupe. Wa pili, peupe. Nilifikiria jerikeni za njano kwenye mabaraza ya Makindye, na mtu akihesabu vidonge nilivyompitishia mimi. Wa tatu ulikuwa mweupe pia. Kwenye wa nne, kwa ukingo wa kulia, ilijitokeza rangi, kisha mwanzo wa kisanduku, kisha neno moja: Papa.

Mkono wangu ukakataa. Nasema hivyo kwa sababu niliuamuru na haukwenda.

"Sogeza, ssebo."

Nikasogeza. *Papa, hii picha imegeuka.*

Mchoraji alikuwa ameipindua jerikeni, mdomo chini. Muuguzi akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe ndiyo sababu. Kuna mzee alituuliza kama dawa inatiwa kwa chini." Mama Mkongomani akacheka, nami nikatoa sauti iliyofanana na kicheko. Meneja hakucheka.

"Fungua kinachofuata," akasema.

Tulivifungua vyote nilivyovisoma tangu zile mvua. Chakula cha mchana kiliondoka mezani bila kuguswa. Tulikuta koma zilizopotea, jina la mji lililokosewa, swali la heshima kuhusu neno moja la uzazi ambalo nilikuwa nimeliacha bila kujibu. Kijiko kilichozidi hatukukipata kingine. Muuguzi alifunga saa yake mkononi, akasema tumshukuru Mungu, akaondoka na kijitabu chake bila kukipitisha.

Kesho yake usomaji wa mwisho ukahamia kwa mama Mkongomani. Meneja aliniambia mwenyewe, amesimama, mkono begani kwangu, na nadhani uso wake ulikuwa wa huruma. Mimi niliona kola ya shati. Mimi nimebaki wa lugha. Asubuhi mama huyo huvuta kiti chake upande wangu, husoma kwa sauti, nami husema badilisha hapa, acha pale. Naye akiisha kusoma maandishi huenda pembeni kuona kama mteja ameandika kitu. Hapo hunyamaza kidogo kabla ya kusoma. Labda ni pumzi tu. Sijamwuliza. Nakaa nimeweka mikono yote miwili juu ya meza, nikisubiri sauti yake irudi.