Kipepeo wa Mbigili

Mpaka leo nikiona mbigili nakasirika. Si kwa miba yake. Ni kwa kipepeo mdogo wa buluu anayetaga juu yake, hazidi ukucha, anayeruka chini ya goti, ambaye nilimjua kuliko mwalimu wangu alivyomjua.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi, nikikaa na shangazi mtaa wa Kiembe Samaki. Uwanja wetu ulijaa mbigili, na mimi nikilala kifudifudi kuyatazama mayai ya kipepeo huyo: meupe, bapa, moja moja juu ya jani. Viwavi wakishatoka, wa kijani, sisimizi huja. Hawawali. Huwapapasa mgongoni kwa vipapasio, kiwavi akatoa tone tamu, wakanywa, kisha wakabaki kumlinda. Niliwaona wakimfukuza buibui.

Darasani mwalimu wetu, mwanamke wa mjini, alisema sisimizi ni adui wa kiwavi. Nikanyoosha mkono nikasema niliyoyaona. Wenzangu wakacheka.

"Muongo wewe," akaniambia. "Haya, kesho kutwa niletee hao sisimizi wako walezi. Ukikosa, utasimama hapa useme umesema uongo."

Kesho yake kwetu kulikuwa na maulidi. Wageni wangevua viatu, kwa hiyo uwanja ulilimwa wote kuondoa miba. Nikamwomba shangazi aniachie shina moja lenye viwavi watatu, niling'oe asubuhi na udongo wake. Akakubali, akalifunika kwa tenga lisikanyagwe. Nilimpenda sana siku ile.

Wageni walipoondoka nikafunua tenga. Harufu ya mafuta ya taa ikanipiga puani. Sisimizi wamekufa, viwavi wamejikunja, weusi.

"Nimekusaidia, mwanangu," shangazi akasema. "Nlikuta sisimizi washawapanda mgongoni, wanawala. Nkawamwagia kidogo tu, shinani."

"Nani kakwambia wanawala?"

"Kwani nani asojua?"

Wote walijua. Watu wazima chungu nzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama akatazama. Nilitaka kupiga kelele, lakini alikuwa akingoja ahsante, nikampa.

Asubuhi mwalimu alikaa na chaki mkononi, akinisubiri. Nikasimama, nikasema nilisema uongo. Nilisema kwa sauti, wakasikia mpaka wa nyuma. "Vizuri, kaa," akasema.

Yeye nilishamsamehe, na shangazi sikuwahi kumlaumu. Ninayemkasirikia ni mimi. Niliona kwa macho yangu, na nikakana.