F Saba na Kitambaa cha Mama Mkwe

Oveni yetu iliingia Same ikiwa imelala chali juu ya magunia ya vitunguu, kwenye lori lililotokea Hedaru. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru, maduka yameanza kujaa vitu tulivyokwisha kuvisahau, na mume wangu, karani asiyejua hata kuchemsha yai, aliinunua kwa dalali wa mitumba kwa sababu ina kioo kinachoandika kwa taa nyekundu. Alisema inafikiri yenyewe. Nilimwambia afadhali, angalau nyumba hii itakuwa na mmoja.

Mama mkwe alikuwa akiishi nasi tangu ashuke kutoka Suji, huko milimani, kutibiwa goti. Aliizunguka oveni mara mbili, akaingia chumbani, akatoka na kitambaa cha kufuma. Katika nyumba zetu kitu cha thamani hakikai uchi: redio ina chake, makochi yana vyake, hata chupa ya chai. Hiki kilikuwa kikubwa, kina bitana ya satini, kimetiwa wanga wa muhogo hadi kinataka kusimama chenyewe. Kiliifunika oveni juu, kikateremka nyuma hadi karibu na sakafu. Mbele tu ndiko alikoacha wazi, nadhani ili iweze kuona wageni.

Mimi ni mtu wa Maore, huko tambarare kwenye mpunga na mbu, na kwa watu wa milimani hiyo ni sababu tosha ya kumtilia mtu shaka. Kwa miaka mitatu nilimjibu mama "ndiyo, mama" kwa kila jambo. Basi mwanawe wa mwisho alipokaribia kipaimara, mama akawatangazia akina mama wa kanisani kwamba safari hii keki itatoka kwenye oveni ya umeme. Hakutaka ile ya kupalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria, tuliyoizoea miaka ya foleni. Nami nikajibu ndiyo, mama. Keki ingeshindikana, aibu ingekuwa yake kwa Jumapili moja, na yangu kwa maisha yote.

Nilioka ya majaribio. Dakika ya ishirini oveni ikalia mara tatu, ikazima, na kioo kikaandika F, kisha saba. Katikati ya keki kulikuwa na uji. Nikajaribu tena, F saba tena. Nikakaa chini jikoni nikalia, kwa sababu mayai yenyewe nilikuwa nimeyakusanya kwa kuku wangu mwenyewe.

Habari zilipotoka, majirani walikuja kama walioitwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji. Makabila mengine hututania kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi kesi ya oveni ilisikilizwa siku nne. Mmoja alisema F ni fyuzi, na saba ni idadi ya zilizoungua. Mwingine alisema oveni imetoka nchi ya baridi, ipumzishwe siku saba izoee Same. Mume wangu akaunga mkono kupumzika, kama kawaida yake.

Fundi redio tuliyemwita aliichungulia kwa nyuma, akainua kidogo pindo la kitambaa, akaona matundu. Nilimwona akielewa. Kisha akamtazama mama mkwe aliyekaa pale pale akifuma kingine, akarudisha pindo taratibu na kusema ni umeme mdogo. Akanywa chai, akaaga.

Jumanne mama alikifua kitambaa. Nikaoka mkate saa nzima bila mlio. Jumatano kikarudi na wanga mpya, F saba. Nikakitafuta kijitabu cha oveni, cha Kijerumani chote, ila picha hazina kabila: pembeni mwa F na saba walichora oveni imefunikwa nguo, wakaikata kwa mistari miwili.

Ijumaa, zikiwa zimebaki siku mbili, nilisimama mbele ya mama mkwe.

"Mama," nilisema, "oveni haiumwi. Kitambaa chako kimeziba matundu, joto halina pa kutokea."

Alilishika pindo la kitambaa. Kisha akasema alikifuma mwaka ambao nyuzi hazikupatikana kabisa, akafumua sweta la marehemu mumewe. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akainuka na goti lake, akakiondoa, akakikunja mara nne na kukipakata.

"Miaka mitatu unaniitikia kama mtu aliye mbele ya polisi," alisema. "Nikadhani nimeletewa mkwe asiye na neno lake. Haya, mayai mangapi?"

Nilimwambia manane. Akasema sita yanatosha.

"Hapana, mama. Manane."

Dakika ya ishirini tulisimama sote wawili mbele ya kioo, yeye ameniegemea begani kwa sababu ya goti. Hakikuandika kitu. Keki ilitoka imeinama kidogo upande mmoja, nami nikaificha kasoro hiyo kwa sukari.

Jumapili akina mama wa kanisani walikula, wakaomba nyingine, wakamuuliza mama ni nani aliyeoka. Alininyooshea kidole, sauti juu, ili hata waliokaa nje wasikie.

"Huyu wa Maore. Mimi nilitaka mayai sita, akanikatalia."